Nukta sita: maandishi ya wasioona yalianzaje?

Haya wadau, leo siasa tuziweke pembeni kidogo. Shuleni tulikaririshwa nani alitengeneza injini ya mvuke, nani alileta balbu, nani alirusha ndege. Sikumbuki hata siku moja mwalimu akitaja jina la Louis Braille. Na nikiuliza watu, wengi wanalijua hilo neno kama jina la maandishi tu. Hawajui kama lilikuwa jina la mtu, tena kijana, tena yeye mwenyewe alikuwa haoni.

Kama uko kwenye kafe na dakika zinakwenda, inakili habari hii kwenye flashi ukaisome taratibu. Ni ndefu kidogo.

Kwanza angalia kibodi iliyo mbele yako. Au usiangalie, papasa. Kwenye herufi F na J utakuta kijinundu. Kwenye simu za kubonyeza, namba 5 nayo mara nyingi ina kinundu chake. Hivyo vinundu si maandishi, ni alama tu za kukuonyesha ulipo bila kutazama. Ila wazo ni lile lile: kidole kinaweza kufanya kazi ya jicho.

Kuhusu jina: Tanzania tunasema maandishi ya nukta nundu, yaani nukta zenye nundu, zilizoinuka. Kenya wengi husema breli. Mimi nitatumia nukta nundu, mkitaka kunikosoa uwanja wa maoni uko chini.

KABLA YA NUKTA

Twendeni Paris, Ufaransa, mwaka 1771. Kulikuwa na maonyesho ya biashara yaliyoitwa Saint-Ovide. Mwenye mgahawa mmoja akakodi vipofu wakae jukwaani wapige muziki. Akawavika kofia za kipumbavu na miwani mikubwa, akawawekea karatasi za muziki mbele yao kama vile wanazisoma. Watu wakacheka mpaka basi. Hiyo ndiyo ilikuwa burudani.

Katika umati ule alikuwepo Valentin Haüy, mtu wa lugha na tafsiri. Yeye hakucheka. Baadaye aliandika kwamba palepale alijiapiza: vipofu hawa watasoma kweli. Mwaka 1784 akaanza kumfundisha kijana mmoja asiyeona aliyekuwa akiomba kwenye mlango wa kanisa, jina lake François Lesueur. Mwaka 1785 akafungua shule ya vijana wasioona mjini Paris. Ilikuwa ya kwanza ya aina yake.

Vitabu vya Haüy vilitengenezwaje? Alichukua herufi za kawaida, hizi hizi A, B, C, akazifanya kubwa, akazikandamiza kwenye karatasi nzito iliyolowa ili zitokeze upande wa pili. Msomaji anapapasa umbo la herufi moja moja. Inawezekana, watu walisoma hivyo. Lakini ni polepole mno. Vitabu vilikuwa vikubwa, vizito na ghali, na vilikuwa vichache kweli kweli. Na kuna tatizo kubwa kuliko yote: mwanafunzi hawezi kuandika. Anaweza kupokea tu. Kitabu kinasema naye, yeye hawezi kujibu.

Lishike hilo wazo, tutalirudia.

MTOTO WA FUNDI NGOZI

Louis Braille alizaliwa tarehe 4 Januari 1809 katika kijiji cha Coupvray, kama kilometa 40 mashariki ya Paris. Alikuwa kitinda mimba katika watoto wanne. Baba yake, Simon-René, alikuwa fundi wa matandiko na hatamu za farasi. Siku zile farasi ndiye gari, kwa hiyo mzee alikuwa na kazi ya kutosha.

Mwaka 1812, mtoto akiwa na miaka 3, aliingia karakana ya baba akachukua kifaa chenye ncha kali cha kazi ya ngozi. Simulizi nyingi zinasema ulikuwa msharasi, ule wanaotumia mafundi viatu kutobolea. Kikamteleza kikamchoma jicho. Jicho likaoza, na dawa za kuzuia vidudu hazikuwepo dunia nzima. Ugonjwa ukahamia jicho la pili. Alipofika miaka 5 alikuwa haoni kabisa.

Sasa hapa wazazi wake nawavulia kofia. Kwa kawaida ya wakati ule mtoto wa kijijini asiyeona alikuwa ama akae nyumbani ama aende kuombaomba. Wao wakampeleka shule ya kijiji pamoja na wenzake wanaoona. Akasikiliza na kukariri, na akafanya vizuri. Padri wa kijiji na mwalimu wakamsaidia, na mwaka 1819, akiwa na miaka 10, akapata nafasi katika shule ile ya Haüy huko Paris.

Msidhani ni hoteli. Jengo lilikuwa kuukuu, lenye unyevu, na afya za watoto wengi ziliharibika. Louis mwenyewe aliondoka duniani kwa kifua kikuu. Lakini ni katika jengo hilo hilo mambo yalipotokea.

BWANA BARBIER NA NUKTA ZAKE 12

Mwaka 1821 shule ilipokea wazo la mtu mmoja aitwaye Charles Barbier, aliyewahi kuwa ofisa wa mizinga jeshini. Barbier alikuwa amebuni maandishi ya nukta zilizoinuka.

Kwenye intaneti utakuta hadithi tamu kwamba Napoleon alimwagiza Barbier atengeneze maandishi ya kusomwa gizani ili askari wasiwashe taa wakapigwa risasi. Hadithi inapendeza, ila ushahidi wake ni dhaifu. Barbier mwenyewe katika maandishi yake alijishughulisha sana na watu waliokosa shule na watu wasioona. Alitaka njia rahisi ya kuandika kwa wale ambao elimu ya kawaida imewapita kando. Kwa hiyo tusimpunje: huyu mzee aliwafikiria wanyonge tangu mwanzo.

Mfumo wake ulikwenda hivi. Alichora jedwali la mistari 6 na safu 6, jumla sauti 36 za Kifaransa. Kila sauti unaiandika kwa safu mbili za nukta: safu ya kushoto inasema ni mstari wa ngapi, ya kulia inasema ni nafasi ya ngapi. Kwa hiyo alama moja ingeweza kufika nukta 12.

Wanafunzi walipopapasa nukta wakashangaa. Kumbe kidole kinaitambua nukta haraka kuliko mstari wa herufi! Tena unaweza kuandika mwenyewe, kwa kibao na kijisindano tu. Lakini kasoro zilikuwepo, na kijana mmoja wa miaka 12 akaziona:

1. Nukta 12 ni nyingi. Kidole hakizifuniki zote kwa mara moja, inabidi kipande na kushuka.

2. Mfumo uliandika sauti, sio herufi. Kwa hiyo huwezi kujifunza tahajia, yaani neno linaandikwaje hasa. Kwa Kifaransa, ambacho herufi nyingi zinaandikwa bila kutamkwa, hilo si tatizo dogo.

3. Haukuwa na nafasi ya kutosha kwa alama za uandishi, hesabu wala muziki.

Louis akaanza kuchezea nukta. Usiku, wakati wa likizo kijijini, kila akipata nafasi. Kufika mwaka 1824, akiwa na miaka 15, alikuwa ameshapata jibu lake. Miaka 15 jamani! Wengine umri huo tulikuwa tunapigia debe timu za mtaani.

Mwaka 1829 akatoa kitabu kinachoeleza njia ya kuandika maneno na muziki kwa nukta kwa matumizi ya wasioona. Humo alimtaja Barbier na kumpa heshima yake kama aliyemfungulia njia. Hakujifanya kalianza jambo peke yake. Wale wanaonakili kazi za watu humu mtandaoni bila kutaja jina la mwenyewe, nadhani mmesikia.

KETE YA LUDO

Sasa tuingie jikoni tuone chakula kinapikwaje. Chukua kete ya ludo, tazama upande wenye sita: safu mbili, kila safu nukta tatu. Hilo ndilo sanduku zima la nukta nundu. Hakuna siri nyingine.

Tuzipe namba. Safu ya kushoto kutoka juu: 1, 2, 3. Safu ya kulia kutoka juu: 4, 5, 6. Kila nukta ama ipo ama haipo. Piga hesabu: 2 mara 2 mara 2, mara sita, unapata 64. Toa ile isiyo na nukta hata moja (hiyo ni nafasi kati ya maneno), zinabaki alama 63. Na sanduku zima linaenea chini ya ncha ya kidole kimoja. Kidole hakipandi wala hakishuki, kinateleza tu kutoka kushoto kwenda kulia.

Wanaosoma kompyuta mmeshaitambua hiyo: ipo au haipo, moja au sifuri. Kijana wa 1824 alikuwa anaandika kwa biti sita, wakati umeme wenyewe haujafika majumbani.

Herufi zenyewe hazikupangwa ovyo. Kumi za kwanza, a mpaka j, zinatumia nukta nne za juu tu (1, 2, 4, 5). Kumi zinazofuata, k mpaka t, ni zile zile za kwanza ukiongeza nukta ya 3. Halafu u, v, x, y, z ni za mwanzo tena ukiongeza 3 na 6. Kwa hiyo ukishika kumi za kwanza umeshika karibu alfabeti yote.

Tujaribu kwa Kiswahili:

a ni nukta 1
b ni nukta 1 na 2
d ni nukta 1, 4 na 5
k ni nukta 1 na 3

Baba: ⠃⠁⠃⠁
Dada: ⠙⠁⠙⠁
Kaka: ⠅⠁⠅⠁

(Kama kompyuta ya hapo kafe inakuonyesha vijisanduku vitupu, fonti yake ya zamani, sio kosa langu. Nukta hizi ziliingizwa kwenye Unicode mwaka 1999.)

Mmeona herufi w haipo kwenye orodha yangu? Kifaransa cha enzi zile karibu hakikuwa na kazi nayo, kwa hiyo Braille hakuiweka kwenye mpangilio wa mwanzo. Ikaongezwa baadaye ikapewa 2, 4, 5 na 6. Sisi bila w tungekwama: watu, wewe, wao, wali.

Namba ni a mpaka j hizo hizo zikitanguliwa na alama maalumu ya namba. Muziki nao una mpangilio wake kamili kwa nukta sita hizo hizo. Braille mwenyewe alikuwa mpiga kinanda wa kanisani mjini Paris, kwa hiyo hapo alikuwa anajitengenezea kitendea kazi.

Kuandika kwa mkono unahitaji kibao chenye vidirisha na kijisindano. Unakandamiza karatasi kwa nyuma ili nundu itokeze mbele. Maana yake unaandika kutoka kulia kwenda kushoto, kinyumenyume kama kwenye kioo, halafu unageuza karatasi na kusoma kushoto kwenda kulia. Ndugu zangu mliosoma madrasa, nukta nundu za Kiarabu nazo zinasomwa kushoto kwenda kulia, tofauti na Kiarabu cha wino.

Mashine pia zipo. Maarufu ni Perkins, iliyobuniwa na David Abraham katika shule ya Perkins huko Marekani na kuanza kutoka mwaka 1951. Ina vitufe sita vya nukta na kimoja cha nafasi. Hubonyezi herufi, unabonyeza nukta zote za herufi kwa pamoja, kama mpiga kinanda. Kuna programu za kompyuta zinazofanya hivyo kwa F, D, S (nukta 1, 2, 3) na J, K, L (nukta 4, 5, 6). Jaribu kuweka vidole hapo uone vinavyokaa vizuri.

UGUNDUZI SIO MWISHO WA SAFARI

Hapa ndipo napotaka wadau mtulie. Ungedhani kitu kizuri kama hiki shule ingekipokea kwa vigelegele. Wapi!

Wanafunzi walikipenda tangu siku za mwanzo. Walikuwa wanaandikiana barua, wananakili masomo, wanatunza kumbukumbu zao. Braille akawa mwalimu palepale shuleni. Lakini wakubwa hawakukifanya kuwa maandishi rasmi. Mwaka 1840 akaingia mkurugenzi mpya, Pierre-Armand Dufau. Yeye alipendelea herufi za kawaida zilizoinuliwa, za mtindo uliotumika Scotland na Marekani, na nukta akazipiga marufuku.

Hoja za watu wa mlengo huo zilikuwa hivi: vipofu wakiwa na maandishi yao peke yao watajitenga na jamii. Walimu wanaoona hawatayaelewa. Tena hayapendezi kwa macho.

Hebu isome tena hiyo ya mwisho. Maandishi ya watu wasioona yanakataliwa kwa sababu hayapendezi machoni pa wanaoona! Hawakuuliza kidole kinasemaje. Waliuliza jicho, jicho ambalo halihusiki.

Na hiyo hoja ya kujitenga, mimi naiona imegeuzwa kichwa chini. Mtu asiyejua kuandika ndiye aliyetengwa. Ukimpa maandishi anayoweza kuyasoma na kuyaandika mwenyewe, ndipo ameingia kwenye mazungumzo. Kama mwalimu hayaelewi, ajifunze! Alama 63 tu, mwalimu mzima atashindwa?

Wanafunzi waliendelea na nukta kwa siri. Na Dufau alikuwa na msaidizi, Joseph Guadet, aliyeona kinachoendelea na kuanza kuamini kwamba watoto wana haki. Akambadilisha mkubwa wake. Mwezi Februari 1844 shule ilipozindua jengo jipya, maelezo ya mfumo wa Braille yakasomwa hadharani na wanafunzi wakaonyesha mbele ya watu jinsi unavyofanya kazi. Dufau akakubali.

Katikati ya hapo Braille hakukaa kulalamika. Mwaka 1839 alitoa njia nyingine, ya kuchora herufi za kawaida kwa nukta, ili asiyeona aweze kumwandikia barua mzazi au rafiki anayeona. Rafiki yake Pierre Foucault, naye haoni, akatengeneza mashine ya kazi hiyo mwaka 1841. Mnazikumbuka zile printa za kelele zinazochora herufi kwa vidoti? Wazo la kujenga herufi kwa vidoti walikuwa nalo. Kwa hiyo nani alikuwa anajitenga? Wasioona ndio waliojenga daraja, wanaoona walikuwa wamesimama ng'ambo wamekunja mikono.

Louis Braille alifariki tarehe 6 Januari 1852, siku mbili baada ya kutimiza miaka 43. Ufaransa ikaupitisha mfumo wake rasmi mwaka 1854. Yaani miaka miwili baada ya kumzika. Mwaka 1878 mkutano wa kimataifa uliofanyika Paris ukauchagua kuwa njia ya kufundishia wasioona. Na mwaka 1952, miaka 100 tangu kifo chake, mabaki yake yakahamishiwa Panthéon, wanakozikwa mashujaa wa Ufaransa. Mifupa ya mikono ikaachwa Coupvray, kijijini kwake. Ile mikono iliyosoma.

WAMAREKANI NAO WAKAGOMBANA

Msidhani baada ya 1878 mambo yalinyooka. Marekani, shule ya wasioona ya Missouri ilianza kutumia nukta za Braille mwaka 1860. Lakini New York wakaleta mfumo wao, nukta mbili kwenda juu na mpaka nne kwenda pembeni. Halafu ukaja mwingine tena, wa Kimarekani, uliopanga upya herufi za Braille. Bado Uingereza walikuwa na wao, na William Moon wa Brighton alikuwa ameshatoa herufi zake za mistari tangu 1845.

Matokeo yake msomaji asiyeona alilazimika kujua mifumo mitatu minne ili asome vitabu vichache vilivyopo, na kitabu kile kile kilichapwa mara mbili tatu kwa mifumo tofauti wakati pesa hazitoshi hata kukichapa mara moja. Watu waliyaita magomvi hayo vita vya nukta. Mwaka 1932 ndipo Uingereza na Marekani walipokubaliana nukta nundu za Kiingereza zinazofanana. Kuanzia 1949 UNESCO nayo ikaanza kazi ya kuoanisha nukta za lugha mbalimbali za dunia.

Sisi ambao magogoni kwetu kila mradi unakuja na mfumo wake usioongea na wa jirani, tunayo ya kujifunza hapo.

HUKU KWETU

Kenya, shule ya wasioona ya Thika ilianzishwa mwaka 1946 na Jeshi la Wokovu. Tanzania, shule ya Buigiri mkoani Dodoma ilianza mwaka 1950 chini ya Kanisa la Anglikana. Tangu hapo maelfu ya watu wetu wamepita kwenye nukta sita: walimu, wanasheria, wabunge, wahubiri, watangazaji. Mitihani ya taifa nayo huandaliwa kwa nukta nundu kwa watahiniwa wasioona.

Shida ni vitabu. Karatasi ya nukta nundu ni nene na nundu zinachukua nafasi, kwa hiyo kitabu kimoja cha sekondari kinageuka majuzuu kadhaa ya kujaza mezani. Mashine ni ghali, karatasi ghali, na ikiharibika mashine moja shuleni, darasa zima linasubiri. Muungano wa Vipofu Duniani umekuwa ukisema chini ya asilimia 10 ya vitabu vinavyotolewa ndivyo vinapatikana kwa njia ambayo asiyeona anaweza kuvisoma. Wao wanaiita njaa ya vitabu.

Tena kulikuwa na kikwazo cha sheria. Hakimiliki. Ukitaka kugeuza kitabu kuwa nukta nundu na kukipeleka nchi nyingine, ulihitaji ruhusa ya mwenye kitabu. Ndiyo maana mwaka 2013 mataifa yalikutana Marrakesh, Morocco, wakapitisha mkataba wa kuruhusu vitabu vigeuzwe kwa ajili ya wasioona na kuvuka mipaka bila mlolongo huo. Ulianza kufanya kazi mwaka 2016. Kenya ilijiunga 2017, Uganda 2018, Tanzania 2020. Maana yake kitabu cha Kiswahili kilichogeuzwa Nairobi kinaweza kumfikia msomaji wa Mwanza kihalali. Karatasi imeshasainiwa. Kazi ya kudai kilichosainiwa ni yetu sote.

Mnaweza kuona nukta nundu zenyewe bila kwenda mbali. Nenda duka la dawa, omba kushika pakiti ya dawa iliyotoka Ulaya. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2004 inataka jina la dawa liwekwe kwa nukta nundu kwenye pakiti. Papasa. Halafu jiulize mama yako angekuwa haoni, na nyumbani kuna pakiti mbili zinazofanana, moja ya presha na nyingine ya malaria, angejuaje?

KOMPYUTA IMEUA NUKTA NUNDU?

Najua kuna mdau ataandika: bwana, siku hizi kompyuta inasoma kwa sauti, nukta za nini tena? Swali zuri.

Ni kweli programu za kusoma skrini kwa sauti zimefungua dunia. JAWS iko siku nyingi, ila bei yake inatisha. Mwaka 2006 vijana wawili wa Australia wasioona, Michael Curran na James Teh, walianzisha NVDA, ambayo ni bure kabisa. Kama una kafe, pakua, weka hata kwenye kompyuta moja tu, uweke na spika za masikioni. Haikupunguzii chochote na umepata wateja wapya.

Lakini kusikiliza sio kusoma. Mtoto aliyekulia kwenye kusikiliza tu atajuaje kwamba ng'ombe ana kile kialama cha juu katikati? Atatofautishaje kula na kura, kama kijijini kwao l na r zinabadilishana kila siku? Ukitaka kujua mtu anajua kusoma, humpi redio. Kwa mwenye macho hatukubali redio iwe badala ya kitabu, kwa nini kwa asiyeona tukubali?

Halafu kuna jambo la siri. Fikiria kila barua yako inasomwa kwanza na mtu mwingine. Majibu ya hospitali, karatasi ya benki, barua ya mchumba. Jirani anakusomea, na wewe umekaa unasikiliza sauti yake inavyobadilika akifika kwenye mambo yako. Nukta sita zilimwondoa huyo jirani katikati. Na vifaa vipya vya kielektroniki vinavyoinua na kushusha vipini vidogo chini ya vidole vinafanya nukta na kompyuta zifanye kazi pamoja. Ni ghali bado, lakini si maadui.

Umoja wa Mataifa umeitenga tarehe 4 Januari, siku aliyozaliwa Louis, kuwa Siku ya Nukta Nundu Duniani. Iliadhimishwa mara ya kwanza 2019.

Mimi ninachoondoka nacho ni hiki. Haüy aliona, Barbier aliona, wote walikuwa watu wema, na wote walifikisha kazi mahali fulani ikakwama. Iliyokwamuka ilikwamuliwa na mwenye shida mwenyewe, kwa kidole chake. Tukipanga mambo ya walemavu, ya wakulima, ya wamachinga, tuwe tunauliza wenyewe kwanza. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Haya, nimesema yangu. Kama wewe ni msomaji wa nukta nundu, au una ndugu aliyesoma shule hizo, tuandikie hapo chini: vitabu mnapata? Mashine zipo? Na wewe mwenye kafe, hiyo programu utaiweka lini? Tusiishie kusema "habari nzuri, endelea hivyo hivyo." Leteni hoja.